Jeneza la Shangazi Eduviges

Nilipoingia chumbani kwa shangazi yangu Eduviges, kule San Melitón katika milima ya Oaxaca, nilipigwa na butwaa. Chini ya picha ya Bikira wa Guadalupe, juu ya vigoda viwili, palikuwa na jeneza, na juu ya jeneza kuku ametulia.

"Nani amekufa?" nilipiga ukelele.

"Bado," alijibu, akigeuza chapati ya mahindi kwenye kikaango cha udongo. "Ni langu. Fundi alipata mbao nzuri za msonobari. Na usipayuke, Mwalimu, kuku anataga."

Nilimsogeza kuku kando, nikafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na maharage na pilipili kavu.

Shangazi ni mjane aliyepika mchuzi wa harusi zote za kijiji kile. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipoyalaza mahindi yake, alilia alasiri moja, akasema, "Ndivyo ilivyopangwa," kisha akapanda upya. Chuoni ninakofundisha, wenzangu huiita tabia hiyo kukata tamaa.

Tulipokuwa tukila, akanieleza habari ya uvimbe katika titi lake. Ulikuwapo tangu kabla ya Kwaresima.

"Na umekaa tu, Shangazi? Unangoja Mungu akupasue?"

"Nani kakaa? Nimeteremka zahanati mara tatu, na goti langu hili! Mara ya kwanza, mashine ya kupimia matiti mbovu. Mara ya pili, mashine nzima, mwendeshaji kaenda harusini. Mara ya tatu daktari akanishika bega: 'Bibi, umri ndio huo. Mwachie Mungu.' Nikamwambia, 'Mungu nimeshamwachia nyumbani, baba. Huku nimekuja kwako.' Wakati wa kurudi ndipo nikapita kwa fundi."

Niliirudisha chapati sahanini. Ni mara ngapi nimewasikia wasomi wakidai kwamba watu wetu huuawa na imani yao katika majaliwa! Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani anayewahubiria majaliwa hayo, akiwa amevaa koti jeupe.

Kesho yake nilimpeleka hospitali ya mjini. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeanza kutambaa kuelekea kwapani. Kabla ya upasuaji, aliyekuwa akizungukazunguka kitanda ni mimi. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

"Tulia, mwanangu. Nikifa, jeneza lipo. Nikipona, nina pa kuwekea maharage."

Amepona. Nilipomrudisha kijijini alitaka tupitie zahanati. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake limewekwa birika la kahawa. Daktari alimkodolea macho.

"Bibi! Bado upo?"

"Nipo, baba. Nilimwachia Mungu, kama ulivyoniagiza. Akanipeleka kwa daktari mwingine."