Kupima Usawa wa Moyo

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa muuguzi katika wodi ya wanawake mjini Kisumu, na nilikuwa mkali. Jamaa za wagonjwa walinijua kwa hatua zangu. Nikiingia tu, vikapu vilisukumwa uvunguni na gumzo likakatika. Mimi niliona hiyo ni heshima.

Wakati huo daktari wetu alituletea kazi mpya. Mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini alitiwa katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa wa mkono, ukasukumwa taratibu hadi karibu na moyo. Kwanza tuliulaza mpira juu ya ngozi, kutoka kiwiko hadi kifuani, tukaufunga uzi kuwa alama ya mwisho wa kuusukuma. Kisha tuliuunga na bomba la kioo lenye alama za sentimita. Maji ya kioo yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, mpira umefika. Yakituama, umekwama njiani. Mara ya kwanza kuyaona yakipanda na kushuka nilifurahi kama mtoto.

Kioo kilifungwa kwenye stendi ya dripu, na sifuri yake ilipaswa kuwa sawa na moyo wa mgonjwa. Tulitia alama ya wino ubavuni, chini ya kwapa, halafu tukalinganisha kwa pimamaji, kifaa cha kupimia usawa, cha seremala wa hospitali. Kila tulipopima tulipaswa kulinganisha upya.

Asubuhi moja seremala alikuja kuchukua pimamaji yake, ana mlango wa kutundika. Kwenye kitanda cha dirishani alilala muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Luanda Kotieno, aliyeletwa kwa kuhara na kutapika, akiuguzwa na mama mkwe wake. Jana yake maji ya kioo yalicheza kwenye nne. Sasa nikasoma kumi na moja. Nikaona kioo kiko palepale nilipokifunga, nikaridhika. Kumi na moja maana yake maji yamezidi, mapafu yanaweza kujaa. Nikaibana dripu, ikabaki kudondoka tone moja moja.

Kufika saa sita ulimi wake ulikuwa umekauka, macho yameingia ndani, na mfuko wa mkojo hauna kitu. Kioo bado kinasema kumi na moja. Niliogopa sana. Nikifungua dripu nitamzamisha. Nisipofungua atanikaukia mikononi. Nikamtuma mwenzangu amwite daktari, nami nikabaki nimeushika mkono wa mgonjwa, baridi tupu.

Mama mkwe akanisogelea, leso kaishika mdomoni.

"Sista, mimi nimekosa. Usinifukuze."

"Umefanya nini?"

"Godoro ilikuwa imebonyea, mgongo inamuuma. Asubuhi mimi na mama wa kitanda ile tuliinua yeye, nikaweka blanketi mbili chini. Hata ile yangu."

Nikainama. Blanketi mbili nzito, zimekunjwa mara nne. Alama ya wino ilikuwa juu ya sifuri kwa upana wa kiganja. Nikapandisha kioo, nikakilinganisha kwa jicho, nikasoma upya: tatu. Mgonjwa alikuwa na kiu ya maji nami nimemnyima tangu asubuhi. Nikafungua dripu yote.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilitaka kusema wakati unapima, nyathina, mtoto wangu. Lakini ulisema nitoke hapo, hutaki kusikia mdomo yangu."

Kweli nilisema. Hata sikumbuki nilimtazama usoni wakati wa kusema.

Daktari alipofika na wanafunzi wake, mkono ulikuwa umeanza kupata joto, na baadaye kidogo mkojo wa kwanza ukaonekana kwenye mfuko. Akauliza kosa nimeligunduaje. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nilitazama chini ya mgonjwa. Akazionyesha zile blanketi kwa kidole, akawaambia wanafunzi kwamba muuguzi mwenye macho kama yangu ni wa kuigwa. Nikainama kuandika ile tatu kwenye chati.

Mama mkwe hakujua Kiingereza. Aliona daktari anaonyesha blanketi zake huku anatabasamu, akadhani nimemweleza habari yake na amesamehewa. Walipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Erokamano, Sista," aliniambia. "Asante. Umenisemea vizuri."