Divai ya Nahodha kwenye Meza ya Bwana

Jambo hili nyumbani nililificha kwa mwaka mzima, na ningeendelea kulificha kama wajukuu wangu wasingelisikia na kuanza kulisimulia kwa chumvi nyingi (basi bora nilieleze mwenyewe, aibu ni yangu).

Mimi ni mzee wa kanisa, tunasali ukumbi wa kukodi huku ugenini, mtaa wa Glenwood, na kazi yangu ni kuandaa Meza ya Bwana. Tunatumia juisi ya zabibu. Tuliamua hivyo kwa ajili ya Yona, mpakiaji wa mizigo bandarini, aliyeacha pombe kwa machozi na kutuambia wazi kwamba tone moja litamrudisha alikotoka. Mkono wa kwanza kukubali ulikuwa wangu.

Sasa nahodha mmoja Mhispania, niliyemsaidia karatasi zake ofisini kwetu bandarini, akanipa chupa ya divai nyekundu ya mizabibu yenye miaka tisini, akanifundisha na namna ya kuifaidi: ifunguliwe saa nzima kabla ili ipate hewa, izungushwe, inuswe, ikae kinywani kidogo ndipo imezwe. Nikajiambia kwamba Bwana mwenyewe hakutumia juisi ya dukani, na Jumapili asubuhi nikajaza vikombe divai ile. Yona nikamwekea kikombe chake cha juisi kwenye kona ya sinia, nikamnong'oneza asiwe na wasiwasi, nikajiona nina hekima.

Wakati wa Meza ukafika, nami badala ya kunyamaza nikasimama kuwafundisha waumini kunusa (Mungu anisamehe, nilichukua muda kuliko mahubiri). Watu arobaini wakaanza kuzungusha vikombe vya plastiki vidogo kama vifuniko vya chupa, divai ikaruka, kina mama wa kwaya na magauni yao meupe wakawa kama wametoka kuchinja kuku. Mama Beatrisi, Mkongomani asiyeficha neno, akaonja akasema, "Papa Elia, hii iko chungu kama dawa ya minyoo." Mchungaji, kwa kunionea huruma, akanywa akafumba macho, akasema kweli umri wa mzabibu anausikia, hata udongo wa ng'ambo anausikia.

Hapo Yona akasimama. Alikuwa amenusa, kama nilivyoagiza, kabla ya kuonja.

"Mzee, hii siyo juisi," akasema polepole. "Yangu anayo nani?"

Macho yangu yakaenda kwa mchungaji, na ukumbi wote ukamgeukia. Shemasi alikuwa amegeuza sinia bila kujua, na kikombe cha kona ya Yona kikaishia kwa mtumishi wa Mungu, aliyekuwa bado amefumba macho.

Nikakitoa kile kikombe mkononi mwa Yona, nikamwomba radhi mbele ya wote, kisha nikatoka mbio na joho langu, nikavuka barabara taa ikiwa nyekundu (wenyeji wa hapa taa ya barabarani huiita roboti, na madereva waliniita majina mengine), hadi dukani. Niliporudi nahema, Yona alikuwa bado amesimama, na Mama Beatrisi amesimama naye, amemshika mkono.

Nikafungua juisi, nikammiminia. Nilitegemea atainusa kwanza, na nisingemlaumu.

Akanitazama machoni, akainywa yote kwa mara moja.

Nikaketi nikalia kama mtoto. Mungu alinihurumia kupita nilivyostahili, na Yona pia. Tangu siku ile naandaa Meza kwa juisi, naandaa kimya, na sitamfundisha tena mtu yeyote namna ya kunywa kitu chochote, hata maji.