Mpira Ukitulia, Mtoto Yuko Chini

Jua limeshakuwa kali juu ya Mto Xingu, huko Brazili, na kahawa ya Jacirene Moura imepoa bila kuonjwa. Amekaa kwenye mtumbwi, ameshika mpira mrefu wa njano wa kupitishia hewa, ulioingia majini. Nyuma yake mashine inanguruma, inapuliza hewa ndani ya mpira. Mwisho wa mpira huo, chini kwenye mawe, yuko binti yake Railane, ameung'ata mdomoni.

Mpira ukitikisika, Jacirene anapumua. Ukitulia, moyo unamruka.

"Wee Jacirene, umeshika mpira au kamba ya ndama?" anamtania jirani yake Neusa kutoka mtumbwi wa pili.

"Ndama ningemfunga nyumbani nikalala," anajibu bila kugeuka.

Wanatafuta akari, kambare wadogo wenye ngozi ngumu kama bati na mdomo wa kunyonya mwamba. Wanauzwa wakiwa hai kwa watu wanaofuga samaki ndani ya vioo. Kila poromoko la mto lina akari wake: wa madoa meupe, wa madoa ya njano, na wa mistari ambaye serikali imekataza asivuliwe. Kwenye mapango ya mawe hakuonekani kitu, kwa hiyo Railane huwatambua kwa vidole. Huyu ana miiba shavuni, huyu mkia wake unakwaruza, huyu mwache.

Zamani aliyekuwa akishuka ni baba yake, Osmarino. Siku moja alipanda haraka mno kutoka kwenye kina kirefu, na tangu hapo miguu yake haimsikii.

"Mmoja mto umeshanirudishia nusu," anasema Jacirene. "Huyu namtaka mzima."

Railane anaibuka akicheka. Mkononi ana akari mweusi, mkia mwekundu.

"Mama, huyu simjui! Si wa hapa, si wa kule juu."

"Wa wapi basi?"

"Hana jina. Tumwite Jacirene, si unaona alivyonuna?"

Neusa anacheka mpaka mtumbwi wake unayumba. Railane anamtia samaki kwenye beseni na kuushika mpira tena.

"Unakwenda wapi? Pumzika, mwanangu."

"Nimemwona mwenzake. Nikipeleka mmoja wanunuzi watasema ni kilema tu. Wakiwa wawili ndiyo aina mpya."

Anazama.

Jua linalifikia beseni. Akari anaanza kutweta. Jacirene anachukua kasia, anageuza mtumbwi ili kivuli cha turubai kimfunike. Huku kila mtu hufanya hivyo, samaki kwanza. Lakini mtumbwi ukishageuka, upepo unaupiga kwa upande mwingine: moshi wa mashine sasa unaingia palepale mashine inapovutia hewa. Ndani ya mpira moshi hauonekani.

Mpira umetulia.

Jacirene anauvuta kidogo. Kimya. Anauvuta tena. Akimpandisha mtoto haraka, anaiona miguu ya Osmarino. Akichelewa, hataki hata kufikiria.

"Neusa! Mwanangu!"

Neusa anarukia mtumbwi wake, wanavuta wote wawili. Railane anatoka maji yakimchuruzika, shingo imelegea. Wanamlaza ubavu, wanampiga mgongoni, Jacirene analiita jina lake kama anayegombana naye. Ndipo anakohoa, anatapika.

Neusa ananusa mpira. "Moshi mtupu humu!"

Jacirene anaminya vidole vya miguu ya bintiye, kimoja kimoja. "Unasikia hiki? Na hiki?"

"Nasikia, mama. Unaniumiza."

Nami ninayesimulia, wazazi wenzangu mnaoshika mpira, nawaomba. Kabla hamjageuza mtumbwi, tazameni kwanza moshi unakwenda wapi. Akari akifa kwa joto, mto una wengine.

Railane amejifunika shuka, bado anatetemeka, lakini mdomo haujachoka. "Yule mwenzake bado yuko palepale, mama."

"Acha akae bila jina. Wewe unalo."

Jacirene anataka kusimamisha bomba refu, livute hewa juu kabisa ya moshi. Bomba hilo bado hana. Kwa hiyo ameichomoa kamba ya kuwashia mashine na kujifunga nayo kiunoni, mafundo juu ya mafundo.

"Anayetaka kuiwasha," anasema, "aje anifungue mimi kwanza."