Robe ya kumuzika Kavugho

Mbele ya vita kuanza, bibi yangu Kavugho, mwenye nilioa, alikuwa anashona manguo ku baraza yetu, hapa Butembo. Mashini yake ilikuwa ya miguu. Ku pindo ya kila robe, ile gauni ya bamama, kwa ndani, alikuwa anatia uzi mwekundu, mushono moja tu.

"Robe ikipasuka, bajue ni mimi ya kutukana," alikuwa anasema.

Hakuna hata moja iliyorudi.

Kisha vita ikakata barabara ya Kisangani. Bikwembe bya kule, bitambaa byake bya kushona, bikakosa. Lakini kamio, malori ya balo, ziliendelea kuingia kwa Kasindi, ku mupaka ya Uganda, juu benye kamio balijua kusema na baaskari ku barriere, kizuizi ya barabara. Mumoja wa bale benye kamio ni Syauswa. Balo ni manguo yenye batu ba Ulaya balivaa mara mbili na kuchoka nayo. Bamama ba mutaa bakaanza kuvaa ile. Mashini ya Kavugho ikanyamaza.

"Kuya utumike kwangu, mama," Syauswa alimwambia. "Wewe unajua manguo. Utachagula."

Akaenda. Miaka tatu alikata kamba za balo mu depo yenye haina dirisha. Balo ikifunguka, vumbi inatoka na harufu ya dawa, inakaba koo. Nguo ya muzuri huku, ya kutia biraka kule. Yenye kuharibika batumishi ba Syauswa balikuwa banatupa mu Kimemi, mto yetu. Mvua ikinyesha, mto inarudisha yote juu ya maharage yangu, ku shamba ya kando ya mto: suruali, soksi, bitambaa. Bile bitambaa habiozi. Nilibitoa na jembe mpaka mikono ikapasuka. Mwaka uliofuata sikupanda.

Kavugho akaanza kukohoa. Nikaenda kumwambia Syauswa atoboe dirisha.

"Papa Kakule," akacheka, "nikitoboa dirisha, baaskari bataibia pale, kesho bote batavaa muzuri kunipita."

Kavugho alikufa siku ya ine, Alhamisi asubuhi.

Bamama ba kanisa bakamuosha. Katungu, dada yake, akafungua valizi ya manguo yake atafute robe ya kumuvalisha. Nilitazama pindo moja moja. Hakuna uzi mwekundu. Zote ni za balo.

"Robe ya ndoa yetu iko wapi?"

"Shemeji, aliikatakata," Katungu alisema. "Alitia biraka nayo ku suruali za balo ya Syauswa. Bitambaa bya depo byote bilikuwa byepesi, habishike uzi."

Nikakaa chini.

Pale Syauswa akaingia. Alileta robe nyeupe mu sachet ya plastiki, karatasi ya duka ikingali juu yake.

"Ni mupya kabisa, papa. Sikuuzisha. Ni ya mama."

"Rudisha."

"Papa, batu banatazama."

"Batazame. Ulimuvalisha vumbi miaka tatu. Inatosha."

"Sasa utamuzika uchi?"

Ile neno ndiyo iliniuma kupita yote.

Nikatoka, nikaenda ku soko. Mama Jemima anauzisha samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa. Alikuwa amevaa robe ya kijani yenye nilijua.

"Mama Jemima, inua pindo yako."

"Kakule! Bibi hajazikwa na unaanza kufunua bamama?"

Bamama ba samaki bote bakacheka.

"Natafuta uzi," nikasema.

Kicheko kikaisha. Akageuza pindo. Mushono mwekundu ulikuwa pale.

"Alinishonea mbele ya vita. Navaa mpaka leo, haijapasuka."

"Unipe."

"Inanuka samaki, papa."

"Unipe tu."

Akaenda nyuma ya meza, akarudi amejifunga kikwembe, robe mu mikono. Machozi ilikuwa inamutoka. Mimi hapana.

Katungu akaifua mara mbili, akaikausha na pasi ya makaa. Harufu haikuisha. Tukamuvalisha Kavugho vile vile.

Kesho yake, ku kaburi, Syauswa alisimama mbele na benye mali wenzake. Akaninyoshea mukono. Sikumupa wangu. Upepo ikaleta harufu ya samaki, akatoa mouchoir, leso yake, akaziba pua.

Nikaambia benye kubeba sanduku: "Bapapa, hapana kupita kule. Mupitie hapa, karibu yake. Na mutembee polepole."