Jani la Mpakani

Binamu yangu Filemon anajua kompyuta, hilo sitamnyima. Ana kibanda pale mjini Mkuu, na mteja akilalamika kwamba hedfoni za bluetooth zinakatika, humcheka kwanza, kisha humfundisha. Ndani ya Linux, husema, sauti ni maji ya mfereji. Chini kuna huduma ya bluetooth, inayozishika hedfoni. Juu yake kuna seva ya sauti, na huyo ndiye mgawa maji: shamba moja likifungwa, anayapeleka la jirani. Hedfoni zikipotea, sauti inahamia spika ya kompyuta, na maikrofoni vilevile. Haombi ruhusa ya mtu.

Jumamosi ile alikuwa nyumbani, kompyuta mezani, hedfoni masikioni, akiongea na kaka yake Fabian aliyeko Moshi. Mimi na mama yao, shangazi Hilaria, tulikuwa hapo hapo tukimenya ndizi. Tulisikia "ndiyo, kaka" na "sawa, kaka" tu. Ng'ombe akalia. Filemon akainuka na hedfoni zake kwenda kumtupia majani, huko nyuma, kuta mbili kutoka mezani.

Hedfoni zikakatika. Fabian akatokea kwenye spika:

"...mnunuzi anasema kaburi la baba atalivumilia, la pili hataki. Mama akifa tutamzika makaburi ya mjini. Msainishe kabla hajaanza kusahau."

Shangazi aliweka kisu chini. Miaka kumi na tisa amejitunzia nafasi kando ya mumewe, hataki hata mgomba upandwe hapo. Na Filemon ni kitindamimba, ambaye kwetu ndiye mrithi wa nyumbani. Kihamba kile, shamba la ukoo lenye nyumba na kaburi, kingekuwa chake bila hata kuomba. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

"Fabian," shangazi alisema, "jina lako bado sijalisahau."

Spika ikajibu, "Mama? Shikamoo, mama." Mpumbavu yule!

Filemon alirudi mbio, akauona uso wa mama yake, akatoka tena. Aliporudi alikuwa ameshika jani la sale, mmea tunaoupanda kuonyesha mipaka ya kihamba. Kwetu mkosaji akikuletea sale, unasamehe. Sijawahi kuona likikataliwa. Akapiga magoti.

"Umelichuma wapi?"

"Pale mpakani, mama."

"Mpaka unauuza, na bado unauchuma? Karudishe."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Filemon alibaki magotini na jani lake mkononi.

Mchana shangazi alipakua sahani mbili, yake na yangu.