Neno la Mutua Nisilolisikia

Kwa miaka mingi mama mmoja wa Ikutha aliishi kwa maneno ambayo mwanawe hakuyasema. Niliyatunga mimi, nikiwa nimelewa kaluvu, pombe yake ya asali.

Mwanawe alikuwa Mutua, askari mwenzangu wakati wa vita vya shifta kule kaskazini. Asubuhi ile tulikuwa kisimani tukifua nguo.

"Kioko, hiyo sabuni unafulia ama unakula?" alinitania. "Hata sisi tuna mashati."

Nikamrushia kipande kilichobaki. Mchana tukaamriwa kupeleka maji kambi ya mbele. Mutua alipanda lori na shati bichi.

Barabara ilikuwa tupu.

Bomu lilikuwa limefukiwa mchangani. Gurudumu la mbele likalikanyaga.

Nilipofumbua macho, Mutua alikuwa karibu nami. Aliniangalia.

Kisha hakuniangalia tena.

Tulimzika kando ya barabara, tukaondoka kabla ya giza.

Nilipotoka jeshini nilienda kwa mama yake, Kalunde, ambaye nilimwita mwaitu kama mama yangu mzazi. Kwetu, aliyeleta habari ya namna hiyo haachwi na koo kavu. Alinijazia kibuyu, akangoja nimalize, akanijazia tena. Ndipo akauliza, "Alisema nini?"

"Alisema usilie. Na kwamba yule ng'ombe mwekundu ni wako."

Alilia, lakini kwa uso uliotulia. Tangu hapo alinipikia kila Jumamosi. Majirani walikuja kusikiliza, na Mutua akazidi kusema mambo mazuri. Baadaye nilikunywa siku zote, popote, bila kungoja mtu aniulize habari za Mutua. Mke wangu alimchukua mtoto wetu, akarudi kwao.

Dada yangu Mbithe ndiye aliyeniokota, akanipeleka kwake Matiliku. Watu wa kanisa lake hawakunihubiria sana. Jumamosi, siku niliyoiogopa, waliniweka kwenye mwethya, kikundi chao cha kuchimba matuta shambani kwa kila mmoja kwa zamu. Mzee Nzioka, aliyewahi kuwa mlevi kuliko mimi, alichimba ubavuni mwangu.

"Hilo jembe linaogopa nini?" aliuliza alipoona mikono yangu ikitetemeka. "Usijali. Langu liliogopa mpaka mvua ya pili."

Jioni waliniwekea mikono mabegani, wakaomba. Hapo ndipo nilipomlilia Mutua kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu. Mke wangu hakurudi. Pombe pia haikurudi.

"Na mama yake Mutua?" Nzioka aliniuliza siku moja. "Yeye anaombewa na nani?"

Nilisafiri hadi Ikutha. Mwaitu Kalunde alileta kibuyu. Nilikiweka chini.

"Leo hunywi?"

"Sinywi tena, mwaitu. Nimekuja kukuambia vile ilivyokuwa."

Akaketi.

"Midomo yake ilisogea," nikasema. "Lakini mlipuko ulikuwa umeniziba masikio. Sikusikia kitu. Yale mengine yote yalikuwa yangu."

Hakunitukana. Akasogeza kigoda, akaja karibu na uso wangu.

"Nionyeshe ilivyosogea."

Nikamwonyesha.

"Tena. Polepole."

Nikarudia, naye akifuatisha kwa midomo yake mwenyewe, bila sauti, akilitafuta neno.

Alifariki bila kulipata. Mimi bado huwa najaribu.