Buu Katika Mguu wa Kitanda

"Fundi, mimi niliagiza kitanda. Uliniuzia kitanda au uliniuzia mnyama?"

Mable Wakesho alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya Ndambuki mjini Voi, na sauti yake ilikuwa imeshafika stesheni ya reli bila tikiti. Ndambuki aliendelea kupiga randa. Mkamba huyu alikuwa seremala wa siku nyingi, na alikuwa amejifunza kwamba mteja akija na hasira, randa ndiyo dawa, kwa sababu inapiga kelele kumshinda.

"Mnyama gani, mama?"

"Kinatafuna! Mtu amekaa zake mchana kweupe, anasikia krr, krr, krr mguuni mwa kitanda, kama kizee kisicho na meno kinachojaribu mahindi ya kuchoma. Na kila asubuhi unga uko sakafuni. Nilikuambia nataka kinu?"

"Wengine wananunua kitanda kisichosema neno," Ndambuki akajibu. "Wewe umepata cha kukupigia hadithi, na bado unanung'unika."

Mable aliingia ndani, akaishika ile randa, akaitoa mikononi mwa mwenyewe na kuiweka juu ya rafu. Alikuwa mwanamke wa Ronge, mwenye shamba la mahindi na maharagwe ubavuni mwa mlima, na misheni ilimsomesha kiasi cha kuweza kusoma Biblia na kugombana na yeyote aliyeisoma vibaya. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Peris, aliyeolewa kule Mwanda na Donald, karani wa reli. Kitanda kile cha mti wa mgunga, kilichosukwa kwa kamba ya mkonge, Mable ndiye aliyewapa maharusi. Kilipanda milima juu ya lori kimefunikwa shuka, watu wakakishangilia kuliko bibi harusi.

Kikakaa kimya miezi kadhaa. Kisha kikaanza kutafuna.

Sasa, mtu wa kwanza kusikia alikuwa Loise, mamake Donald. Loise alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, benchi ya mbele kila Jumapili. Lakini aliposikia krr, krr, alikumbuka mambo ambayo hayamo katika kitabu cha nyimbo. Kila Mtaita anajua: mtu aliyenyimwa haki yake akanyamaza nayo moyoni, hasira hiyo haikai. Inatoka yenyewe, inakwenda kwa mwenye kosa, inakaa nyumbani mwake na kuharibu. Dawa yake ni moja, aliyekasirika atase: achukue kinywaji kinywani, akipulize nje, aseme maneno ya heri, na hasira itoke pamoja nacho.

Loise akajiuliza, ni moyo wa nani huu unaotafuna nyumbani kwangu? Hakuchukua muda kupata jibu, maana alijua vizuri deni lake. Mahari ya Peris ilikuwa imekwisha yote isipokuwa mbuzi mmoja, mbuzi wa mama, anayepewa mzazi kwa kumbeba mtoto mgongoni. Mbuzi huyo alikuwa "njiani" tangu siku ya harusi. Kama kweli alikuwa anatembea kutoka Mwanda kwenda Ronge, basi alikuwa amepitia Kampala.

Mwanamke mwingine angeleta mbuzi. Loise alileta ujumbe. Mable aje atase, na asipokuja, Peris atarudishwa Ronge na kitanda chake, kwa maana mwaka umepita hana mimba, na ni nani atakayeshika mimba juu ya hasira ya mtu? Kwamba Donald alilala Voi mwezi mzima na kupanda Mwanda siku ya mshahara tu, hilo halikuingizwa katika hesabu.

"Kwa hiyo," Mable akamwambia Ndambuki, "kwa kitanda chako mimi nimekuwa mchawi."

Ndambuki akajikuna shingo. "Ni buu tu, mama. Ule mgunga niliukata mbichi, gome likabaki kidogo. Kuna mdudu anataga pale kwenye gome, mtoto anaingia ndani, anakula polepole. Hana madhara."

"Hana madhara? Anamwachisha mtoto wangu!"

Fundi alitafuta kwenye kona, akatoa mguu mpya wa kitanda, uliochongwa vizuri, wa mti mkavu. "Chukua huu. Nakupa kwa sababu ya kelele, si kwa sababu ya kosa."

"Kelele za kitanda?"

"Za kitanda pia."

Mable aliupeleka mguu huo Mwanda, akaubadilisha mwenyewe, kisha akautoa ule wa zamani nje uani na kumwita Loise aje akae kwenye kigoda atazame. Peris alileta shoka huku amekaza midomo asicheke. Mable akapiga mara moja, mti ukapasuka kwa urefu wake, na yeye akanyoosha mkono kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Haya, Mama Donald. Hasira yangu hiyo hapo. Umeona ilivyonenepa?"

Lilikuwa limelala ndani ya njia yake, jeupe kama maziwa yanayoanza kuganda, lenye urefu wa kidole cha mwisho, pingili pingili kama shanga zilizobanwa kwenye uzi. Mbele lilikuwa nene, nyuma likapungua. Macho hayakuonekana. Miguu nayo, ukiitafuta sana, ilikuwa vijinundu visivyoweza kumbeba hata sisimizi. Badala yake lilikuwa na mabaka ya kukwaruza mgongoni na tumboni, na kwa hayo lilijisukuma katikati ya kuta za mti, kama mtoto anayepanda kati ya majabali mawili, mgongo huku, magoti kule. Kichwa lilikuwa limekiingiza ndani ya mabega. Kilichobaki nje ni taya mbili nyeusi, fupi, ngumu kama patasi.

"Tazama linavyoficha kichwa," Mable akasema. "Kama mtu anayedaiwa mbuzi."

Loise aliinama akatazama kwa muda. Hakukasirika. Hakuona haya hata kidogo.

"Naona mdudu," akasema. "Sasa niambie, ni nani aliyemtuma?"

Mable akaliweka shoka chini.

Ikabidi ajaribu njia ya mkato. Peris alileta maji kwenye kikombe, Mable akajaza kinywa, akapuliza puuu, akasema haraka kama mtu anayesoma tangazo la mnada, "Peris akae vizuri, azae, nyumba ipoe, amina." Loise akatikisa kichwa.

"Midomo imetasa, Mama Peris. Moyo uko wapi? Ukitasa na hasira bado iko ndani, umefungia nyoka ndani ya nyumba. Mimi sitaki. Nakungoja mpaka mvua za vuli. Zikinyesha hujatasa, mtoto wako anarudi."

Peris alimsindikiza mama yake hadi njia panda. Hakutaka kurudi Ronge. Alimpenda Donald wake, hata kama alimpata mwisho wa mwezi kama mshahara.

"Mama, si umwachie tu huyo mbuzi?"

"Nimwachie? Nani alikubeba mgongoni, mimi au yeye?"

"Basi nitarudi nikubebe wewe. Nitakubeba mpaka tuzeeke wote wawili, tukisikilizana."

Mable alitembea mpaka nyumbani na vile vipande viwili vya mti kikapuni, buu likiwa ndani. Alikuwa na mpango wa kuwapa kuku buu hilo. Badala yake aliviunganisha tena vile vipande, akavifunga kwa kamba ya mkonge, akaviweka dirishani. Adui aliyekugharimu mtoto, angalau umjue tabia zake.

Akazijua. Kila akitoka shamba alifungua kamba akatazama. Aliona kwamba buu linafuata urefu wa mti, haliukati kwa upana. Likikutana na kifundo linakizunguka. Halinywi maji, linakula ukuni mkavu na kunona, jambo ambalo wake wengi wangependa kuwafundisha waume zao. Linachokitoa nyuma ni unga, na unga huo linaushindilia nyuma yake, kwa hiyo njia ya kurudi linaiziba lenyewe. Ukikohoa, linanyamaza. Ukijifanya umeondoka, krr, krr, linaendelea. Na lilifika mara kadhaa hadi ukingoni kabisa, likaacha ngozi ya mti nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha likageuka ndani. Aliyetazama nje angeapa kwamba mti ni mzima.

Siku moja ya soko Loise akatokea mlangoni. "Napita tu," akasema. Kutoka Mwanda hakuna anayepita Ronge bila kukusudia.

"Karibu, Mama Donald."

"Hiyo hasira yako inaendeleaje?"

"Imenona. Ingia uione."

Loise akaingia, akaona, akanywa chai, akaondoka. Soko lililofuata "akapita" tena. Yule aliyesema mdudu katumwa alianza kuuliza kama mdudu amekula. Wakabishana. Mable alishikilia kwamba atatoka nondo, kwa sababu mabuu yote ya kabichi zake yaligeuka nondo. Loise alishikilia kwamba hakitatoka kitu, hasira huwa haizai. Mbuzi hakutajwa. Alikaa katikati yao pale mezani, bila kuonekana, akinywa chai pamoja nao.

Kisha krr ikakoma. Walipofungua mti walikuta buu limejichimbia chumba na kuziba mlango kwa vibanzi, na ndani yake halikuwa buu tena. Lilikuwa kitu cheupe, laini, kimefungwa kama mtoto mchanga, miguu imekunjwa kifuani, na pembe mbili ndefu zimelazwa ubavuni.

"Nondo gani huyo mwenye pembe?" Loise akauliza.

"Nyamaza."

Mawingu ya vuli yalianza kujazana juu ya milima. Mable aliyatazama akiwa shambani, akaitafuta hasira yake pale alipozoea kuiweka. Aliikuta, lakini ilikuwa imekonda sana kwa kitu alichokilisha kwa uangalifu namna ile. Hata hivyo alijijua. Angeweza kuapa imekwisha, na Loise angemsoma machoni.

Siku ya soko Loise alikuwa amekaa tena pale mezani, na Mable ndiyo kwanza amejaza kinywa chai, wakati ganda la mti lilipotoboka tundu la mviringo na kikatoka kichwa. Kikafuatwa na pembe zilizorefuka hazina mwisho, kisha mgongo wa kahawia, mgumu, unaong'aa. Mbawakawa! Si nondo wa Mable, wala si "hakitatoka kitu" ya Loise. Loise, kwa ushujaa wa benchi ya mbele, akamshika kwa vidole viwili.

Mdudu akalia. Alisugua shingo yake kwenye mabega, ikatoka sauti kali, tsii, tsii, kama mlango mkavu.

"Yesu wangu, anasema!" Loise akapiga kelele, akamrusha, akarudi nyuma, akakaa kitako ndani ya ungo wa maharagwe yaliyoanikwa. Kitambaa cheupe kilimshukia mpaka puani.

Mable alijaribu kukizuia kicheko. Hakikuzuilika. Kilitoka tumboni, kikakuta chai kinywani, na chai yote ikaruka ikamlowesha Loise uso, kitambaa na shingo.

Chai ilidondoka kwenye kidevu cha mama wa kanisa.

"Hiyo," Loise akasema taratibu, akiwa bado ndani ya ungo, "ndiyo."

"Ndiyo nini? Nimecheka."

"Na hasira, imetoka ndani?"

Mable akajitafuta. Akatafuta chini ya kifua, akatafuta upande wa kushoto, akatafuta kwa nia mbaya kabisa. Hakukuta kitu.

Akachukua kikombe, akanywa tena, akapuliza polepole kuelekea upande wa Mwanda. "Peris akae kwake," akasema. "Apate watoto. Donald apewe likizo. Nyumba ya Loise ipoe." Akafuta midomo. "Na mbuzi nimekuachia, Mama Donald. Usimlete. Ukimleta namfukuza."

Loise akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akanyoosha mkono ainuliwe, na akaomba chai nyingine, ya kunywa.